Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi: hesabu za biashara itakayokupa muda na familia

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ni methali nzuri, lakini haikuambii ufanye nini mbacha wenyewe ukianza kukunyima usingizi. Wateja wetu wengi wa Hola wako hapo hapo. Kazi ipo, mshahara unaingia, lakini ukirudi nyumbani mtoto ashalala. Au kazi iko Nairobi ama Mombasa na watoto wako Hola kwa nyanya yao. Unawaona Idd au Krismasi, siku nne, kisha unapanda basi tena. Basi wazo linakuja: kwa nini nisiache, nifungue kitu changu pale nyumbani, niwe karibu na watoto?

Kazi yetu ni pesa za simu. Si kazi yetu kukwambia uache ama ubaki. Lakini jambo moja tunalijua vizuri: biashara inaweza kuwa na wateja kila siku na bado ikafa, kwa sababu pesa ya duka na pesa ya unga zilikaa laini moja. Na aliyeacha mshahara hana mwisho wa mwezi wa kumwokoa. Kwa hivyo keti na mwenzako, kalamu mkononi, mpitie hesabu hizi pamoja.

1. Je, hiyo biashara itakupa huo muda kweli?

Watu huchagua biashara kwa kuangalia faida. Ukiwa unatafuta muda na familia, angalia saa kwanza. Jiulize mteja wako anakuja saa ngapi.

Duka la rejareja linataka lifunguliwe alfajiri kwa mkate na maziwa, na wateja wengi huja baada ya magharibi, jua la Hola likishapoa. Huo ndio wakati ambao mtoto anataka kula, kuoga na kusaidiwa hesabu za shule. Hoteli ya chai na mahamri inakuamsha saa kumi usiku. Uwakala wa pesa za simu, ambao wengi huuona kama kazi ya kukaa tu kivulini, unataka mtu kwenye kaunta muda wote, floti ya kutosha kwenye simu na pesa taslimu ya kutosha kwenye droo. Siku za mishahara, au siku wazee wanapopokea pesa za Inua Jamii, huwezi kufunga saa sita ukamchukue mtoto shule. Mteja atahamia kwa wakala wa pili, na huenda asirudi.

Kazi za oda ni tofauti. Cherehani, kusuka nywele kwa miadi, keki, kuku wa mayai, kupika chakula cha mikutano na arusi: hapa wewe na mteja mnakubaliana siku. Mtoto akiugua Jumanne, unashona usiku au Jumatano. Ubaya wake ni kwamba pesa huja kwa mawimbi, wiki hii nyingi, wiki ijayo kavu.

Kabla hujachagua, jibu maswali matatu:

- Naweza kufunga nusu siku bila kumpoteza mteja?
- Nikiugua mimi, nani atafungua, na nitamwamini na pesa?
- Mtoto atakaa wapi saa za kazi? Kama ni hapo hapo dukani, je, ni salama kwake?

Kama majibu yote matatu ni "sijui", bado hujapata biashara yenye nafasi ya familia. Umepata kazi nyingine, ila hii haina likizo.

2. Mshahara ulikuwa unalipa vitu usivyoviona

Chukua karatasi yako ya mshahara uisome kutoka juu mpaka chini. Yale makato unayoyalalamikia kila mwezi ndiyo yatakayokushangaza ukishaacha.

*Bima ya afya.* Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mwajiri ndiye anayepeleka. Ukiacha kazi, hakuna anayekupelekea. Unahamia kundi la wasio na mshahara: kipato cha nyumba yako kinakadiriwa, unapangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mchango huo unalipwa kwa mwaka mzima. Huduma za kwanza kwenye zahanati na kituo cha afya unapata kwa kusajiliwa tu, lakini kulazwa hospitali kunataka mchango uwe umelipwa. Mama mwenye mimba au mwenye mtoto mdogo asiache pengo hata kidogo hapa. Badilisha hali yako kwa kupiga *147# mara tu mshahara wa mwisho unapoingia, uone umepangiwa kiasi gani. Uliza pia kuhusu Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kugawa mchango vipande vipande.

*Akiba ya uzee.* NSSF nayo itasimama usipoendelea mwenyewe. Mpango wa Haba Haba uliwekwa kwa watu wasio na mwajiri, na mtu anaweza kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Kama kazini kuna pensheni ya kampuni, uliza kwa maandishi ni sehemu gani unaweza kuichukua sasa na ni ipi inayobaki mpaka ustaafu. Usiifanye yote kuwa mtaji. Cherehani inaweza kuharibika, uzee hauna fundi.

*Mikopo.* Kama una mkopo wa benki au wa Sacco unaokatwa kwenye mshahara, nenda uulize mapema: nikiacha kazi, riba inabaki ile ile? Tarehe ya kulipa ni ipi? Na kumbuka wenzako waliokudhamini. Ukikwama, ni mshahara wao utakaokatwa. Ukianza biashara kwa kuwaumiza watu hao, siku ukiwahitaji hutawapata.

3. Hesabu ya nyumba kwanza, ya biashara baadaye

Wengi huanza na "nitauza ngapi". Anza na "nyumba inakula ngapi". Tuchukue mfano wa nyumba ya watu watano mjini Hola. Weka tarakimu zako mahali pa hizi:

- Kodi ya nyumba: 7,000
- Chakula: 15,000
- Shule (karo na sare za mwaka zigawe kwa 12): 6,000
- Stima, maji na simu: 3,500
- Wazazi na jamaa: 4,000
- SHA na akiba ya uzee: 2,500

Jumla ni shilingi 38,000 kwa mwezi.

Sasa tuseme unataka kushona sare za shule na madera. Nguo moja unaiuza 1,200. Kitambaa, uzi, zipu na vifungo ni 750. Kinachobaki ni 450. Chumba cha kazi ni 3,000, stima 1,500, usafiri wa kuleta vitambaa 1,500, kwa hivyo gharama za biashara ni 6,000 kwa mwezi. Nyumba na biashara kwa pamoja zinataka 44,000.

Gawa 44,000 kwa 450. Unapata nguo 98 kwa mwezi. Kwa siku 25 za kazi ni nguo nne kila siku, bila kukosa, na bila hesabu ya mteja anayesema "nitalipa Ijumaa". Tena mauzo ya hivyo yanapita shilingi milioni moja kwa mwaka, na kuanzia hapo KRA wana kodi ya mauzo, asilimia 3, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni zaidi ya shilingi 3,500 kwa mwezi, yaani nguo nane au tisa zaidi. Kwa mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni, huo si muda wa familia tena.

Lakini angalia kinachotokea kama mwenzako ana kipato na anabeba 20,000 za nyumba. Unabaki na 24,000 za kutafuta. Hizo ni nguo 54 kwa mwezi, mbili na kidogo kwa siku. Mauzo yanakaa chini ya milioni moja kwa mwaka, kwa hivyo kodi ile ya asilimia 3 haikuhusu, ingawa fomu ya mwaka ya KRA bado unaijaza kufikia Juni 30.

Biashara ni ile ile na mshonaji ni yule yule. Kilichobadilika ni mazungumzo ya nyumbani. Ndiyo maana tunasema hesabu hii isifanywe na mtu mmoja usiku kwenye simu yake. Mume ajue, mke ajue, na kama nyanya ndiye atakayeshika mtoto, naye aketi hapo aulizwe.

4. Kalenda ya Hola si kalenda ya Nairobi

Ushauri mwingi wa biashara umeandikwa kwa watu wa mji mkubwa. Hapa kwetu kuna mambo manne yanayopanga mwaka.

*Mto.* Tana inaweza kufurika na Hola hakujanyesha tone, kwa sababu mvua imenyesha milimani na mabwawa ya juu, Masinga mpaka Kiambere, yamejaa. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yalihamisha watu na kukata barabara upande wa Madogo na Garissa. Barabara ikikatika, kitambaa hakiji, unga unapanda bei, na mteja anaweka pesa yake kwenye chakula. Kwa hivyo usiache kazi Machi au Septemba, mvua ikiwa mlangoni, kama huna akiba.

*Embe.* Msimu mkubwa ukifika, kuanzia mwisho wa mwaka, wakulima wa kando ya mto wanakuwa na pesa mkononi, ingawa mara nyingi bei inaamuliwa na dalali mwenye lori. Biashara yako itahisi msimu huo hata kama huuzi embe. Ukiuza juisi au embe zilizokaushwa, kumbuka kuna miezi ambayo mti hauna kitu. Panga utakachouza miezi hiyo.

*Shule.* Sare zinauzwa muhula unapofunguliwa. Ni wiki hiyo hiyo ambayo watoto wako pia wanataka karo. Pesa inaingia kwa mlango mmoja na kutaka kutoka kwa mwingine. Tenga ya kitambaa cha muhula ujao kabla hujalipa chochote.

*Ramadhani na Idd.* Mchana biashara ya chakula inalala, jioni inaamka. Madera na kanzu zinaagizwa wiki za mwisho. Oda ya Idd chukua na malipo ya awali, maana nguo ya Idd isiyochukuliwa siku ya Idd inabaki kwako.

Kwa sababu hizi, akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya nyumba, ambayo kwa mfano wetu ni 114,000, kwa Hola tunaiona ndogo. Lenga miezi sita, 228,000. Na iwe mahali usipoifikia kwa kubonyeza mara mbili.

5. Jaribu kabla hujaruka

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo. Itumie likizo hiyo moja kuendesha biashara yako kama vile umeshaacha kazi. Amka saa utakazoamka, mtoto akae atakapokaa, pesa ipite itakapopita. Siku hizo hazitakuonyesha kila kitu, lakini zitakuonyesha mambo ambayo daftari haliwezi. Kabla ya hapo soma mkataba wako, maana waajiri wengine, na hasa utumishi wa umma, wana masharti kuhusu kazi za pembeni.

Ukiamua kuondoka, ondoka kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya maandishi ya siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Siku za likizo ulizobakiza zina pesa, zidai. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria, na siku ukihitaji kurudi kazini ndicho kitakachokuombea.

Kuna watu wanaojulikana waliofaulu. Wandia Gichuru alifanya kazi miaka mingi kwenye mashirika ya maendeleo, yakiwemo Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, kabla ya kuanzisha kampuni ya nguo ya Vivo mwaka 2011. Ilianza na nguo za mazoezi, baadaye ikageukia nguo za kila siku zinazoshonwa hapa Kenya. Lorna Rutto aliacha kazi ya benki akaanzisha EcoPost, inayogeuza taka za plastiki kuwa nguzo. Tunawataja kwa sababu moja: hakuna aliyeanza na mikono mitupu. Walikuwa wamefanya kazi, wamejifunza, wamejuana na watu. Miaka yako ya ofisini si hasara. Kama ulikuwa karani wa hesabu, tayari una kitu ambacho wenye maduka wengi hawana.

6. Laini mbili, mifuko miwili

Sasa tuje kwenye kazi yetu.

1. *Tenganisha namba.* Namba ya tili au laini ya biashara ipokee pesa za wateja peke yake. Laini yako ya kila siku ibaki ya nyumba. Binamu akiomba 500, aiombe laini ya nyumba.

2. *Jilipe mshahara.* Chagua siku moja, tuseme kila Jumamosi, utume kiasi kile kile kutoka biashara kwenda nyumba. Wiki nzuri usiongeze. Ile ya ziada ndiyo itakayokulipa wiki ya mafuriko.

3. *Pitisha mauzo kwenye simu.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa ya miezi sita ya laini ya biashara ni daftari lisilofutika. Sacco au benki wakikuuliza unauza ngapi, una jibu.

4. *Jua viwango.* Kwenye M-Pesa, kwa mfano, tangu Agosti 2023 laini ya kawaida inabeba salio la juu la 500,000 na muamala mmoja ni mpaka 250,000. Ukipokea oda kubwa ya shule, panga malipo mapema.

5. *Uwe na daftari la karatasi.* Mtandao ukipotea, andika jina, kiasi na saa. Usitoe mali kwa ahadi ya "itaingia tu".

6. *Namba ya siri si ya familia.* Tunajua biashara ni ya nyumbani. Hata hivyo mtoto anayechezea simu asiijue, na msaidizi wako apewe njia yake ya kupokea malipo bila uwezo wa kutoa pesa.

7. Mkopo wa simu si mtaji wa kuanzia

Mkopo wa haraka umetengenezwa kuziba pengo la siku chache. Fuliza inakusaidia kumaliza muamala, haitakununulia cherehani. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inaanzia shilingi 500 mpaka 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi unalipwa ndani ya siku 14. Kitambaa kilichonunuliwa leo kwa ajili ya muhula ujao hakitakuwa kimeuzwa siku 14 baadaye. Kwa mtaji wa kukaa, angalia Sacco, chama chenu, au Hazina ya Wanawake na ya Vijana, mkiwa kikundi.

8. Matapeli wanawapenda wanaoanza

Mwenye duka jipya ana haraka na hataki kumuudhi mteja. Matapeli wanalijua hilo. Mtu akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usitoe mali mpaka uone salio lako limepanda. Akikupigia mtu akisema "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usitume wewe. Mwambie aombe pesa irudishwe kupitia kampuni yake ya simu. Na sisi, kama kampuni nyingine yoyote, hatutakupigia kukuuliza namba ya siri. Anayeiuliza ni mwizi, hata akikutaja kwa jina lako la tatu.

Mambo ya kukubaliana leo

Kabla hujaandika ile barua, andikeni mistari mitatu kwenye karatasi moja, wewe na mwenzako mtie sahihi. Wa kwanza: akiba yetu ikifika kiasi hiki, ndipo nitatoa notisi. Wa pili: kila wiki biashara itailipa nyumba kiasi hiki. Wa tatu ndio mgumu: ikifika tarehe hii na biashara haijafika hapa, nitatafuta kazi tena, na hakuna atakayeniita aliyeshindwa.

Huo mstari wa tatu unalinda nyumba. Mtu asiyeuandika huendelea kutia pesa ya karo kwenye duka mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya aibu, na watoto aliowaachia kazi ndio wanaolipa.

Kama hujaanza kutenganisha laini, anza wiki hii, hata kama bado umeajiriwa. Piga simu kituo chetu cha wateja au mwone wakala aliye karibu nawe, uulize namna ya kufungua namba ya biashara. Nenda na kitambulisho chako.